Damu inayotoka na damu inayoganda: chembe sahani katika uvimbe sugu wa utumbo

Wakazi wengi wa Dar es Salaam walianza kuzizungumzia chembe sahani, zile chembe ndogo za damu zinazosaidia damu kuganda, wakati wa kidingapopo. Mlipuko wa mwaka 2014, na kisha ule wa 2019, uliwafanya watu ambao hawakuwahi kujali kilichomo ndani ya damu yao waulizane kwenye daladala na kwenye mabenchi ya zahanati, "Zake zimeshuka hadi ngapi?" Majani ya mpapai yalitwangwa, yakakamuliwa, yakanywewa kwa uso uliokunjwa. Hofu ile ilikuwa na msingi, kwa sababu virusi vya dengue huzipunguza kweli chembe hizo, lakini ilituachia somo la nusu, yaani kwamba chembe sahani zina habari mbaya moja tu ya kumpa mtu, nayo ni kupungua.

Mimi hufanya kazi katika maabara, na nusu ya pili ya somo hilo huiona ikipita mbele yangu kwenye karatasi za majibu bila kusomwa. Mgonjwa akipokea majibu ya FBP, kile kipimo kinachohesabu chembe zote za damu kwa mkupuo mmoja, jicho lake huenda kwanza kwenye wingi wa damu, kisha kwenye chembe nyeupe, kisha humtazama daktari usoni. Mstari wa chembe sahani ukiwa na idadi ndogo, kila mtu hushtuka. Ukiwa na idadi kubwa, mashine huchapa herufi H kando yake, na mara nyingi habari huishia hapo. Makala haya yanahusu herufi hiyo inapotokea kwa mtu anayeharisha damu kwa wiki na miezi, kwa maana yako magonjwa ya utumbo ambayo chembe sahani huyatangaza mapema, hushiriki kuyachochea, na huweza kumdhuru mgonjwa kwa njia ambayo ndugu zake hawakuitarajia.

Chembe sahani ni vipande, wala si seli kamili. Hutoka kwa seli kubwa mno za uboho ziitwazo megakariositi, ambazo huingiza matawi yake marefu ndani ya mishipa midogo ya damu na kuyaacha yamegukie humo, maelfu kwa maelfu. Kila kipande kina upana wa maikromita 2 au 3, hakina kiini, na huishi kwa siku 7 hadi 10 tu, hivyo mwili wa mtu mzima hulazimika kutengeneza vipya vipatavyo bilioni 100 kila siku. Katika maikrolita moja ya damu tunatarajia kukuta kati ya 150,000 na 450,000, ingawa karatasi za majibu huandika 150 hadi 450 kwa kuacha maelfu. Mwanasayansi wa Kiitalia aliyefanya kazi Turin, Giulio Bizzozero, ndiye aliyezieleza mwaka 1882 kuwa ni chembe za aina yake peke yake, na kwa kutazama mishipa ya wanyama walio hai chini ya hadubini akaonyesha jinsi zinavyojikusanya mahali ambapo mshipa umejeruhiwa.

Kwa miaka mingi baada ya Bizzozero, madaktari waliziona chembe hizi kuwa na kazi moja, ya kuziba tundu. Kilichochelewa kueleweka ni mzigo zilioubeba. Ndani ya kipande hicho kisicho na kiini mna vijifuko vya aina kadhaa vilivyojaa mamia ya protini, nyingine za kugandisha damu, nyingine za kuita chembe nyeupe, nyingine za kuotesha mishipa mipya na kufunga kidonda. Fikiria fundi bomba anayeitwa nyumbani kwako kuziba bomba lililopasuka, naye anafika na mkoba wenye spana, gundi, kipaza sauti cha kuwaita mafundi wenzake, na kiberiti. Akikaa dakika tano, utamshukuru. Akikaa miezi sita huku akiendelea kuita wenzake, nyumba itaharibika kwa sababu nyingine kabisa, si kwa maji.

Miongoni mwa vitu vilivyomo kwenye mkoba huo, serotonini ndiyo inayonishangaza zaidi. Watu huijua kama kemikali ya ubongo na furaha, ilhali sehemu kubwa kupita kiasi ya serotonini yote ya mwili hutengenezwa na seli maalumu za utando wa ndani wa utumbo. Chembe sahani haziwezi kuitengeneza zenyewe. Huichukua zinapopita kwenye mishipa midogo ya utumbo, huihifadhi kwenye vijifuko vyake, na huimwaga zinapoamshwa. Kwa hiyo hata kwa mtu mwenye afya, chembe sahani na utumbo vina biashara ya kila siku. Si ajabu, basi, kwamba utumbo ukiugua, chembe sahani nazo hazibaki kama zilivyokuwa.

Uvimbe ninaousema hapa si nundu wala saratani. Ni ile hali ya tishu kuwa nyekundu, yenye joto na kujaa chembe nyeupe, ambayo kwa kawaida hutokea pale mwili unapopambana na vijidudu na kisha hutulia. Katika ugonjwa wa uvimbe sugu wa utumbo, haitulii. Magonjwa yenyewe hasa ni mawili. Kolaitisi ya vidonda huanzia kwenye njia ya haja kubwa na kupanda ndani ya utumbo mpana bila kuruka mahali, ikichubua utando wa juu na kumfanya mgonjwa aharishe damu na ute. Jina lake lilianza kuonekana katika maandishi ya daktari Samuel Wilks wa London mwaka 1859. Ugonjwa wa Crohn huweza kushika sehemu yoyote kuanzia mdomoni hadi kwenye njia ya haja kubwa, hupenda zaidi mwisho wa utumbo mwembamba, huruka sehemu na kuacha nyingine zikiwa nzima, na hupenya unene wote wa ukuta wa utumbo hata kutoboa njia zisizokuwapo. Ulipewa jina baada ya makala ya mwaka 1932 ya Burrill Crohn na wenzake wawili, Leon Ginzburg na Gordon Oppenheimer, katika hospitali ya Mount Sinai, New York. Chanzo chake ni mchanganyiko wa urithi, vijidudu wa kawaida wa utumboni, mazingira, na kinga ya mwili isiyojua kuacha.

Hapa kwetu mtu anayetoa damu haja kubwa huwa na majina mengi ya kupewa kabla ya kufikia hayo. Ataambiwa ni amiba, na atameza metronidazoli kutoka duka la dawa la mtaani. Ataambiwa ni bawasiri, na mzee mmoja atamletea mizizi. Ataambiwa ni taifodi, kwa sababu mjini taifodi hubeba lawama za kila tumbo. Siwalaumu wanaoanza na dhana hizo, kwa kuwa kuhara kwa vijidudu ni jambo la kawaida sana kwetu, na anayefikiria jambo la kawaida kwanza hufikiri vizuri. Shida huanza pale dozi ya tatu ya dawa ileile inapoandikwa kwa dalili zilezile, na hakuna aliyeirudia karatasi ya FBP kutazama mstari ule wa chembe sahani.

Mwaka 1968 madaktari wa Chicago waliripoti kwamba wagonjwa wengi wenye uvimbe sugu wa utumbo walikuwa na chembe sahani nyingi kupita kiasi, na mwaka 1983 jarida la British Medical Journal likachapisha kazi iliyopendekeza kwamba idadi yake itumike kuwa kipimo rahisi cha ukali wa ugonjwa wa Crohn. Kuhara kwa ghafla kunakosababishwa na bakteria kwa kawaida hakuna muda wa kuupandisha mstari huo sana, ilhali uvimbe wa miezi una muda wa kutosha. Ndiyo maana kijana aliyeharisha damu kwa miezi miwili na ana chembe sahani 600,000 anapaswa kufikiriwa tofauti na jirani yake aliyeanza kuharisha juzi baada ya kula chakula cha sherehe.

Njia ambayo utumbo hutumia kuufikia uboho imefahamika vizuri. Tishu iliyovimba humwaga kwenye damu protini za kupashana habari, na mojawapo ni intalukini 6. Protini hiyo hufika kwenye ini na kuliamuru litengeneze kwa wingi homoni iitwayo thrombopoietini, na homoni hiyo ndiyo inayozihimiza megakariositi kukua na kumeguka. Kuna njia ya pili, ambayo katika mazingira yetu naiona kuwa na uzito mkubwa: mgonjwa anayetokwa damu kidogokidogo kila siku huishiwa madini ya chuma, na upungufu wa chuma peke yake, hata bila uvimbe wowote, huweza kuzipandisha chembe sahani. Imeonekana kwa wagonjwa wa utumbo kwamba wakiongezewa chuma kwa njia ya mshipa, idadi ya chembe sahani hushuka. Kwa hiyo herufi H kando ya chembe sahani ikiandamana na wingi wa damu ulioshuka, pamoja na chembe nyekundu ndogondogo zilizopauka, huwa inazungumza habari mbili kwa pamoja, ya moto unaowaka na ya ghala linaloisha, na kutibu mojawapo na kuiacha nyingine ni kumwacha mgonjwa nusu.

Hata hivyo idadi si kiini cha jambo. Kiini ni tabia. Chembe sahani zinazopita kwenye mishipa ya utumbo uliovimba huamshwa, na ikishaamshwa chembe hubadili umbo, hutoa vikono, na huweka juu ya ngozi yake molekuli ambazo awali zilikuwa zimefichwa ndani. Mojawapo ni P-selektini, ambayo hunata kwenye chembe nyeupe. Kwa wagonjwa hawa hukutwa kwenye damu inayozunguka vifungu vya chembe sahani zilizoshikamana zenyewe kwa zenyewe, na vingine zilizoshikamana na chembe nyeupe, kwa kiwango kilicho juu kuliko cha watu wenye afya. Chembe nyeupe iliyoshikwa namna hiyo huwa kali zaidi na hupenya kwa urahisi zaidi kwenye ukuta wa mshipa kuingia ndani ya tishu. Molekuli nyingine ni CD40L. Silvio Danese na wenzake walionyesha mwaka 2003 kwamba chembe sahani zenye molekuli hiyo huzichochea seli zinazotandika mishipa midogo ya utumbo zitoe kemikali za kuita chembe nyeupe na kuota vishikizo vya kuzinasa zinapopita. Uvimbe huziamsha chembe sahani, nazo chembe sahani hurudi kuuongeza uvimbe.

Juu ya hayo, ziko dalili za mabonge madogomadogo ndani ya mishipa ya ukuta wa utumbo wenyewe, ambayo huweza kuzinyima tishu damu na kuongeza vidonda. Wapo waliowahi kudhani kwamba hapo ndipo ugonjwa wa Crohn unapoanzia, kwamba ni ugonjwa wa mishipa kabla ya kuwa ugonjwa wa utumbo. Mimi sikubaliani na dhana hiyo, na nitaeleza sababu baadaye.

Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, aligunduliwa kuwa na kolaitisi ya vidonda akiwa chuoni, baada ya kupimwa kwa ile kamera inayoingizwa kwenye utumbo mpana na kuchukuliwa vipande vidogo vya utando. Ugonjwa ulipoamka tena vibaya akalazwa, akiwa anakwenda chooni usiku na mchana na kila mara ni damu. Siku ya kwanza wodini muuguzi alikuja na sindano ya kuchoma chini ya ngozi ya tumbo. Mama mdogo aliuliza ni ya nini, akajibiwa kwamba ni ya kuzuia damu isigande. Akanivuta pembeni.

"Wewe si ndiye wa maabara? Hebu nieleze, mwanangu. Mtoto anamwaga damu ndoo nzima, halafu wanamchoma dawa ya kuizuia isigande. Itakoma saa ngapi?"

Swali lake lilikuwa la akili kabisa, na sidhani kama kuna mzazi mwenye akili timamu ambaye hangeliuliza. Nilimwambia, "Mama, damu inayotoka utumboni inatoka kwa sababu utando umechubuka, siyo kwa sababu damu yake imeshindwa kuganda. Damu yake inaganda upesi kuliko yangu na yako." Hakuridhika mara moja. Alitaka amsikie daktari akisema hivyohivyo, na daktari alipopita akasema, naye akaridhia sindano, japo kwa uso wa mtu aliyeahirisha ugomvi.

Jambo nililomweleza mama mdogo limejulikana kwa muda mrefu. Mwaka 1936 Bargen na Barker wa Mayo Clinic huko Marekani waliandika juu ya wagonjwa wa kolaitisi ya vidonda waliopata mabonge ya damu yaliyotapakaa katika mishipa. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa katika The Lancet mwaka 2010 ulikuta kwamba wenye uvimbe sugu wa utumbo walikuwa na hatari ya kupata mabonge kwenye vena, yaani mishipa inayorudisha damu kwenye moyo, zaidi ya mara 3 ya watu wengine, na kwamba wakati ugonjwa umeamka hatari hiyo ilizidi mara 8. Mabonge hayo mara nyingi hutokea kwenye vena za ndani za miguu, na kipande kikimeguka husafiri hadi kwenye mapafu. Huweza pia kutokea kwenye vena inayopeleka damu kwenye ini, au kwenye zile za ubongo.

Chembe sahani zilizoamshwa ni sehemu mojawapo ya sababu, wala si pekee. Ini lililoamriwa kutengeneza protini za uvimbe huongeza pia fibrinojeni, ambayo ndiyo nyuzi za bonge. Mgonjwa amepungukiwa na maji kwa kuharisha, amelala kitandani bila kutembea, na steroidi anazopewa kuutuliza utumbo zina hatari yake zenyewe katika jambo hili. Hata baadhi ya vidonge vipya vina mashaka ya aina hiyo. Mwaka 2019 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu mabonge ya damu kwa watumiaji wa dozi kubwa ya tofasitinibu, dawa ambayo hutumika pia kutibu kolaitisi ya vidonda. Ndiyo maana miongozo ya kitaalamu inataka mgonjwa aliyelazwa kwa sababu ugonjwa umeamka apewe heparini ya kinga, yaani dawa ya kuzuia damu isigande, hata kama anatokwa damu, isipokuwa kama kutokwa huko ni kwa kiwango cha kutishia uhai. Heparini haiyeyushi bonge lililokwisha kuwapo. Huipa nguvu protini ya mwili yenyewe inayokizuia kimeng'enya cha thrombini, ambacho ndicho kinachoziunda nyuzi za bonge na ambacho pia ni miongoni mwa waamshaji wakubwa wa chembe sahani.

Kwa mgonjwa aliye nyumbani, elimu hii inapaswa kufika kwa lugha anayoielewa. Mguu mmoja ukivimba na kuuma kuliko mwingine, kifua kikibana au pumzi ikikatika ghafla, kichwa kikiuma kwa namna ambayo haijawahi kutokea, huko si kuchoka wala si upepo, na hakuna sababu ya kungoja kesho. Ugonjwa ukiwa umeamka, safari ya basi ya kutwa nzima kwenda Mwanza au Mbeya, ambako mtu hukaa magoti yamekunjwa na huogopa kunywa maji kwa sababu ya choo, ni jambo la kumwuliza daktari kabla ya kukata tiketi.

Msomaji anaweza kusema kwamba kama chembe sahani ni wachochezi, basi tuzinyamazishe kwa aspirini. Wazo hilo limewapitia wengi, na halijazaa tiba. Majaribio ya kuitumia heparini yenyewe kama dawa ya kutuliza kolaitisi hayakuonyesha faida ya kuaminika, na dawa za maumivu za jamii ya diklofenaki na ibuprofeni, ambazo hapa mjini hununuliwa kama pipi, huweza kuuamsha ugonjwa uliokuwa umetulia. Zaidi ya hayo, chembe sahani zina upande wao wa utetezi. Majaribio ya panya yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kwamba mnyama asiye na chembe sahani akipata uvimbe, mishipa ya mahali penye uvimbe huvuja damu hata bila jeraha; chembe sahani chache tu hutosha kuzuia uvujaji huo. Nazo ndizo zinazoleta kwenye kidonda protini za kuotesha utando na mishipa mipya. Anayeziondoa zote anaondoa kiberiti na gundi pamoja.

Sasa sababu niliyoiahidi. Madaktari wawili wa Prague, Hermansky na Pudlak, walieleza mwaka 1959 ugonjwa adimu wa kurithi ambao mwenye nao huwa na ulemavu wa ngozi (ualbino) na chembe sahani zisizo na vile vijifuko vizito vyenye serotonini, hivyo damu yake huchelewa kuacha kutoka. Ugonjwa huo hupatikana zaidi kaskazini-magharibi mwa Puerto Rico. Kama mabonge ya chembe sahani yangekuwa ndiyo mwanzo wa uvimbe sugu wa utumbo, watu hawa wangetarajiwa kuwa wamekingwa, na hali halisi ni kinyume: baadhi yao hupata kolaitisi kali inayofanana sana na ugonjwa wa Crohn. Kwangu hilo linatosha kuziweka chembe sahani mahali pake. Si mwanzilishi wa ugomvi. Ni yule anayefika katikati ya ugomvi na kuufanya mkubwa, huku mkono wake mwingine ukifunga majeraha.

Kwa upande wa maabara, namba hii ina hila zake, na anayeisoma bila kuzijua hupotoka. Mashine nyingi huzitambua chembe sahani kwa ukubwa wake tu. Mtu mwenye upungufu mkali wa chuma huwa na chembe nyekundu ndogo mno na vipandevipande, na mashine huweza kuvihesabu vipande hivyo kama chembe sahani, ikatoa idadi isiyo ya kweli. Kinyume chake pia hutokea, kwamba damu ya baadhi ya watu ikiwekwa kwenye chupa yenye kifuniko cha zambarau, chembe sahani hushikana kwa sababu ya dawa iliyomo ndani ya chupa, na mashine ikaripoti kuwa zimepungua sana. Ule wastani wa ukubwa wa chembe sahani, ambao huelekea kushuka ugonjwa wa utumbo unapokuwa mkali, hubadilika kadiri damu inavyokaa kwenye chupa, kwa sababu chembe huvimba humo. Sampuli iliyokaa kwenye foleni ya magari kutoka Mbagala hadi katikati ya mji mchana kutwa haiwezi kusomwa kwa ujasiri. Dawa ya haya yote ni ya kizamani: pakaa damu kwenye kioo, ipake rangi, itazame kwa macho.

Na namba ikiwa ya kweli, bado si jina la ugonjwa. Maambukizi ya muda mrefu huzipandisha, upungufu wa chuma huzipandisha, saratani huweza kuzipandisha, na mtu aliyeondolewa bandama hukaa na idadi kubwa kwa muda mrefu. Kifua kikuu huzipandisha pia, na hapo ndipo pana mtego mkubwa kuliko yote katika nchi kama yetu. Kifua kikuu cha utumbo hupenda palepale panapopendwa na ugonjwa wa Crohn, mwishoni mwa utumbo mwembamba. Huleta maumivu yaleyale, kukonda kulekule, homa ileile, na kwenye kamera vidonda vyake huweza kufanana. Mgonjwa wa kifua kikuu akipewa steroidi au dawa za kuzuia TNF, protini mojawapo ya kuchochea uvimbe, kwa kudhaniwa kuwa ana Crohn, vimelea hupata nafasi ya kusambaa. Chembe sahani haziwezi kuamua kati ya magonjwa hayo mawili, na asiwepo wa kukudanganya kwamba zinaweza. Vipande vya utando vilivyopelekwa kwa mpatholojia, kuoteshwa kwa vimelea, kipimo cha molekuli na picha ya kifua ndivyo vinavyosaidia. Kwa upande mwingine, idadi iliyo ndani ya kiwango cha kawaida haimwondolei mtu shaka, kwa kuwa wapo wenye uvimbe wa kweli ambao chembe sahani zao hazikupanda kamwe.

Kuna hali moja zaidi ambayo sijaona ikisemwa vya kutosha, nayo inahusu watu wanaoishi na magonjwa haya katika mji wenye mbu. Chukua mgonjwa ambaye kwa kawaida yake, ugonjwa ukiwa haujatulia, chembe sahani zake hukaa kwenye 550,000. Akapata malaria au kidingapopo, magonjwa yanayozishusha chembe hizo, nazo zikaanguka hadi 220,000. Karatasi haitachapa herufi yoyote kando ya namba hiyo. Kwa mashine, na kwa daktari anayemwona kwa mara ya kwanza, ni damu nzuri kabisa; kwa yule anayejua historia yake, zaidi ya nusu imepotea na kuna jambo linaendelea. Vivyo hivyo kwa anayetumia azathioprini, dawa ambayo huutuliza utumbo lakini huweza kuukandamiza uboho: namba inayoshuka kutoka juu kuja katikati yaweza kuwa habari njema ya utumbo uliopoa, na yaweza kuwa onyo la uboho uliochoka, na tofauti huonekana mtu akitazama chembe nyeupe zimekwenda upande gani kwa wakati uleule.

Kwa hiyo nimemshauri mdogo wangu atunze karatasi zake zote za FBP kwenye faili moja, zikiwa na tarehe, pamoja na maandishi mafupi ya hali aliyokuwa nayo siku hiyo: ugonjwa ulikuwa umeamka au umetulia, alikuwa akitumia dawa gani, alikuwa ameongezewa chuma au la. Hospitali za mji huu hazisomeani kumbukumbu, na mgonjwa huhama kutoka moja kwenda nyingine kwa kufuata bima, foleni na uwezo wa mfuko. Fomu ya maombi ya kipimo inayofika kwetu maabara nayo ina nafasi ya maelezo ya kliniki, ambayo aghalabu huachwa wazi au huandikwa "tumbo". Ikiandikwa kwamba mgonjwa ana kolaitisi ya vidonda, anatumia azathioprini, na ana homa tangu juzi, nitajua ni kioo gani cha kupaka, nitafute nini juu yake, na matokeo yapi niyapigie simu kabla hayajafika dirishani.